Achia Mikono Yote

Asubuhi ile, kwenye miamba iliyo karibu na Ewuaso Kedong, Deeqa aliingiza ncha za mtandio wake chini ya helmeti, akakaza mkanda wa kiunoni, na moyo ukamdunda mpaka kooni. Haikuwa hofu. Ilikuwa furaha iliyokosa pa kukaa. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kuongoza.

Mwaka ulikuwa 2003. Baba yake, Mzee Jeylani, mfanyabiashara wa mbuzi pale Kitengela, alimruhusu ajiunge na kozi ya uongozi chuoni akidhani binti atafunzwa kuongoza ofisi. Alipogundua kwamba ni kozi ya kupanda miamba, kuvuka mito na kuokoa watu porini, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mbuzi zangu zinapanda mawe tangu zizaliwe," alisema, "na hakuna yenye imeenda college!" Lakini hakumkataza.

Mwalimu wao, Madam Akoth, ndiye aliyetangulia kushuka. "Huku juu ni kwako," alimwambia Deeqa. "Kukiwa na shida, usiningoje. Amua." Wanafunzi wengine walimfuata mmoja mmoja, wakipiga mayowe ya raha, hadi juu wakabaki watatu tu: Deeqa, rafiki yake Nduta, na Wachira, kijana wa Matasia aliyekuwa na maneno mengi tangu chai ya asubuhi.

"Shikilia tu hiyo kamba yako kama urembo," Wachira alimwambia Deeqa. "Mimi sitaihitaji."

Kamba zilikuwa mbili. Ya kwanza Wachira aliishukia mwenyewe, akiibana kwa mkono wa kulia asiteleze. Ya pili ilikuwa ya usalama. Ilitoka mgongoni mwake hadi kwenye chuma kilichokuwa kiunoni mwa Deeqa, naye Deeqa, aliyefungwa kwenye mti mnene wa mgunga, aliilegeza pole pole.

Wachira alikuwa amefika katikati ya mwamba kiatu chake kilipobomoa kipande cha jiwe. Nyuma ya jiwe hilo palikuwa na ufa, na ndani ya ufa, nyuki.

Walitoka kama moshi mweusi. Wachira alipiga ukelele, akaikumbatia kamba kwa mikono yote miwili na kuganda palepale. Chini, Madam Akoth aliwakimbiza wanafunzi vichakani. Muda si muda nyuki wakafika juu, na wa kwanza akamchoma Deeqa shingoni.

"Twende, Deeqa!" Nduta alilia. "Watatuua!"

"Nenda wewe. Mimi nikitoka hapa, Wachira atabaki amening'inia."

Nduta hakwenda. Alivua koti lake la mvua, akamfunika Deeqa kichwa na mabega, kisha akajibana naye chini ya koti lile.

Deeqa alijaribu kumteremsha Wachira, lakini kamba ya usalama ililegea tu bila kushuka na mtu, maana mwenzake alikuwa ameibana ile nyingine kama kupe. Akajaza mapafu hewa.

"Wachira! Achia kamba!"

"Nitaanguka!"

"Huwezi kuanguka, niko na wewe! Achia mikono yote! Sasa!"

Nyuki wawili walimchoma Deeqa vidoleni, machozi yakamtoka, lakini vidole havikulegea. Halafu, ghafla, uzito wote wa Wachira ukamvuta kiunoni, mgunga ukatikisika. Alikuwa ameachia!

Deeqa alimteremsha haraka, kamba ikimpita mikononi ikiwa moto, huku yeye akiimba kwa sauti kubwa wimbo wowote uliomjia, ili kijana yule asikie kwamba bado kuna mtu juu. Aliposikia Madam Akoth akipaza sauti, "Amefika! Ametoka kwa kamba!" alifungua kamba iliyomshika kwenye mgunga, akamshika Nduta mkono, wakatimua mbio kwenye njia ya mbuzi, wakianguka na kuinuka, mpaka mvumo ule ukabaki nyuma yao.

Kwenye zahanati, nesi aliwakwangua miiba ya nyuki mmoja mmoja. Uso wa Wachira ulikuwa umevimba kama mandazi, jicho moja limefunga kabisa. Alimtazama Deeqa kwa lile lililobaki.

"Ulikuwa unaimba nini kule juu?"

"Hata sijui."

"Ulikuwa unaimba vibaya sana," Wachira alisema, na midomo yake iliyovimba ikajaribu kutabasamu. "Lakini asante, dada. Wallahi, asante."

Kumsikia Mkikuyu wa Matasia akiapa wallahi kulimfanya Nduta aangue kicheko, na kicheko hicho kikawashika wote, hata nesi. Deeqa alicheka huku mikono ikimuuma kama imetiwa pilipili. Kisha akamgeukia Madam Akoth, macho yaking'aa.

"Madam, mimi bado sijashuka. Mikono ikipona, tutatafuta mwamba mwingine?"

"Nimeshaupata," Madam Akoth akajibu. "Ni mrefu kuliko huu."

Deeqa akaruka kutoka kwenye benchi kwa furaha, na nesi akamwamuru akae chini.