Joka la Kijivu

Mwaka tisini na saba, pale Kirumba, Mwanza, hakuna mtu aliyetoa hela yake kucheza geme jipya kabla Maige hajalisemea. Hakuna. Hata wale wabishi.

Maige alikuwa mshona magunia Mwaloni, soko la dagaa. Dagaa wanamiminwa, wanashindiliwa, Maige anapiga sindano, mdomo wa gunia unafungwa, linaletwa lingine. Kazi ya mikono tu, mdomo wake uko huru. Na mdomo wa Maige, aisee. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, mtu yeyote mwenye TV na jamaa wa kumletea mashine kutoka Dubai anageuza sebule kuwa chumba cha geme. Kaseti mpya ikiingia, mwenye chumba anamwita Maige kwanza, acheze bure jioni nzima. Kesho yake saa sita wachukuzi wanamzunguka na sahani zao za ugali. Haya daktari, mgonjwa anaendeleaje?

Naye anasema. Lile la mpira alisema wachezaji wanakimbia kama wamejitwika magunia ya mtu mwingine, na kipa anaruka baada ya mpira kuingia, kwa adabu, kama anausindikiza. La magari alisema ni zuri ila njia ni moja, ukiizunguka mara tano hata punda anaijua. La ngumi alilisifia wiki nzima mpaka mlango wa chumba kile ukang'oka kwa kusukumana. Na hakuwa anahongwa. Ukimpa soda anainywa, halafu anasema kesho yake kwamba geme lako bovu. Watu walimwamini kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini geme la Kirumba lilikuwa Joka. Joka linatambaa ndani ya pango, linakula mayai, kila yai zima linakuongezea mkia. Ukila yai viza umekufa. Yai viza lilikuwa limechorwa ufa, unauona. Basi, hivyo tu. Watu wazima walikuwa wanatoka kanisani wanapitia Joka.

Sasa, mwezi wa nane zikaja habari kwamba wenyewe walioliunda wamelitengeneza upya. Joka lile lile, lakini rangi mpya, muziki mpya, pango refu zaidi. Na wa kwanza kulileta Kirumba alikuwa Aoko, Mama Faith.

Mama Faith nikuambie. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nyuzi kule Nyakato mpaka walipopunguzwa, yeye na wenzake mamia. Mwezi wa nne mumewe Obedi akafa, alikonda, akakohoa, akafa, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Walikuwa Wajaluo wa Rorya, kupita Musoma. Baada ya matanga wazee wakamwambia atarithiwa na shemeji yake, Ojuok. Tatizo Ojuok naye mkewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa kukonda na kukohoa hivyo hivyo, na Ojuok mwenyewe suruali ilikuwa imeanza kumpwaya. Mama Faith akakataa. Hakupiga kelele, alisema tu hapana, anaweza kujitunza na mtoto wake hapa hapa Mwanza.

Mzee Odongo, baba mkubwa wa marehemu, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, tunakupa mpaka Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Tutakuja. Tukikuta unajitegemea, kaa. Tukikuta unahangaika, mtoto wa kwetu hawezi kulelewa kwa kuhangaika, tunamchukua Faith. Wewe ukitaka kumfuata, nyumba ya Ojuok ipo.

Faith alikuwa na miaka tisa. Kwa hiyo unaelewa. Kile kiinua mgongo cha kiwandani Mama Faith alikiingiza chote kwenye mashine na Joka jipya. TV ilikuwepo, ya marehemu, nzuri tu, mikanda ya video ilikuwa inaonyesha rangi mpaka unaona mishipa ya majani.

Siku alipoifunga mashine, alimwita Maige. Maige akaingia na kuvua ndala mlangoni kama anaingia kwa mkwe. Mama Faith akamwekea stuli.

"Maige mdogo wangu, sikuombi usifie," alisema. "Naomba uangalie vizuri."

"Mimi huwa naangalia vizuri, dada."

Akawasha. Joka likatokea, na lilikuwa kijivu.

Kijivu yote. Pango kijivu, joka kijivu, mayai kijivu. Na mayai yale hayakuwa na ufa tena. Maige alikula yai, mkia ukaongezeka. Akala lingine, akafa. Akaanza upya, akala matatu, akafa. Alicheza saa mbili na nusu, na hakuna hata mara moja aliyojua kwa nini amekufa. Yai zima na yai viza yalifanana kama mapacha. Mama Faith alikuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono. Akamuuliza vipi. Maige akasema atafikiria, akavaa ndala zake akaondoka.

Kesho yake Mwaloni watu walikuwa wengi kuliko siku zote, Joka lilikuwa kipenzi chao. Maige akapanda juu ya magunia. Alisema kwa muda mrefu na alisema vizuri, mimi siwezi kurudia yote. Alisema wamelifukua Joka kaburini wakasahau kulirudishia damu. Alisema la zamani lilikuwa linakuua kwa kosa lako, hili linakuua kwa kujisikia. Halafu akamalizia na hili:

"Ni uji wa msibani, jamani. Hauna rangi, hauna sukari, na unakunywa kwa sababu tu umeshafika."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga mboga. Na ona neno lilivyokaa, kwa sababu nyumba yenyewe ni ya mjane. Maige hakuwa amefikiria hilo. Wenzake walilifikiria papo hapo. Jioni ile chumba cha Mama Faith kilikuwa tayari kina jina: Kwa Uji. Watoto wakipita wanauliza kwa sauti, leo sukari imepatikana? Faith akitumwa dukani wanamwita Kijiko.

Wiki ya kwanza waliingia watu wachache kuhakikisha, wakaona kijivu, wakafa kwenye yai la pili, wakatoka wanacheka. Wiki ya tatu hakuingia mtu. Mama Faith alijaribu kuonyesha mikanda ya video, lakini jirani alikuwa na TV kubwa na dishi. Akaanza kukaanga mihogo mlangoni. Maige alikuwa anapita pale kila siku kwenda kazini, na kila siku alisalimia, na Mama Faith aliitika. Hakumlaumu. Maige alikuwa ameona kijivu, na yeye alikuwa ameona kijivu hicho hicho.

Mwezi wa kumi, Alhamisi, Maige alitumwa Mkuyuni kufuata magunia matupu. Akapita nje ya chumba cha geme cha Luhaga, akasikia muziki wa Joka jipya, na kelele. Kelele za watu kama hamsini. Akachungulia dirishani.

Joka lilikuwa la dhahabu. Pango la buluu. Mayai mengine yalikuwa ya kijani na mengine mekundu, na kijana aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa anakula ya kijani tu, anayakwepa mekundu, mkia umejaa kioo kizima.

Maige aliingia akisukuma watu. Akamuuliza Luhaga kaseti hii ameitoa wapi. Luhaga akasema kwa mfanyabiashara yule yule aliyemuuzia Mama Faith, mzigo ule ule. Maige akasema haiwezekani, ile ya Kirumba haina rangi. Luhaga, ambaye alikuwa fundi redio kabla ya geme, akainama, akafungua kimlango kidogo chini ya kioo cha TV ambacho watu hawakifunguagi, akamwonyesha kitufe.

"Mashine hizi ni za mfumo wa Marekani," alisema. "TV zetu zinazikataa rangi mpaka ubonyeze hapa. Hata mimi siku ya kwanza ilikuwa kijivu. Kwani wewe hukuuliza?"

Maige aliacha magunia pale pale. Alitembea na kukimbia mpaka Kirumba, alifika jasho limeshika shati. Mama Faith alikuwa anageuza mihogo. Maige hakusalimia hata. Aliingia, akawasha mashine, akapiga magoti mbele ya TV ya marehemu, akakifungua kimlango. Kitufe kilikuwepo. Akabonyeza.

Faith ndiye aliyeona kwanza, akamwita mama yake. Mama Faith akaja na mwiko mkononi. Joka la dhahabu lilikuwa limetulia kwenye kioo, pango la buluu nyuma yake. Aliangalia kwa muda. Halafu akakaa kwenye stuli.

"Kesho kutwa wanakuja," alisema.

Maige akasema kesho saa sita atasema, na kesho kutwa hapa patakuwa hapapitiki. Alikuwa anaamini kabisa. Si yeye ndiye aliyeling'oa lile la mpira mjini kwa maneno? Si yeye aliyevunjisha mlango?

Ijumaa akapanda juu ya magunia. Akasema alikosea. Akaeleza kitufe, akaeleza mayai mekundu na ya kijani, akasema wale jamaa wamelitengeneza Joka vizuri kuliko la zamani, pango linakupeleka mpaka unasahau njaa. Lakini alivyosema hakuchekesha. Watu walikuwa wanasubiri sehemu ya kucheka, haikuja. Mchukuzi mmoja, Kashindye, akaitafuta mwenyewe.

"Daktari umeonjeshwa nini kwa mjane?"

Basi, ikawa hiyo. Kadiri Maige alivyoapa, ndivyo walivyozidi kufurahi. Jamaa ambaye hajawahi kuhongwa kwa soda, leo kalainishwa kwa mihogo. Wengine walimwonea huruma kweli kweli, wakamwambia atafute msichana wa umri wake.

Jumamosi wazee walifika asubuhi. Walikuwa Mzee Odongo, mzee mwingine, na Ojuok. Ojuok alikuwa amevaa koti siku ya joto. Mama Faith aliwapa viti nje, akawapa chai, akawasha mashine. Chumbani alikuwa Faith peke yake, anacheza ili muziki usikike. Wazee walikaa. Saa tatu, saa nne, saa tano. Mzee Odongo alikuwa anaangalia tu mlango kila mtu anapopita barabarani.

Maige asubuhi hiyo hakwenda kazini. Alizunguka Kirumba nzima nyumba kwa nyumba, akaomba, akawaahidi wengine kuwashonea magunia bure. Saa saba alirudi na vijana sita, Kashindye akiwa wa mbele. Wakasema shikamoo kwa wazee, wakaitikiwa, wakaanza kuingia. Mama Faith alisimama wima. Kwa dakika mbili hivi mambo yalikuwa mazuri, nakuambia ukweli. Walikaa kwenye benchi, wakaona rangi, mmoja akaguna kwa kushangaa.

Kashindye akatoa kichwa nje kumwita mwenzake aliyebaki barabarani.

"Njoo! Uji wa msibani leo umetiwa rangi."

Mzee Odongo akaweka kikombe chini. Akamwita Kashindye karibu, kwa upole, akamuuliza uji gani. Kashindye, mjinga, akaeleza. Akaeleza yote, na jina la nyumba, na jina la mtoto, na kwamba aliyelitunga ni yule pale, akamwonyesha Maige kwa kidole. Alidhani mzee atacheka.

Mzee Odongo alimgeukia Mama Faith, akamwuliza kama ni kweli watu wa hapa wanakula na kunywa msiba wa mtoto wake Obedi kwa maneno, mchana kweupe, mlangoni kwake.

Maige akasogea, akapiga goti. Akasema, "Mzee, kosa ni langu, mama huyu hana kosa, geme ni zima."

"Mimi sikuja kuangalia geme," Mzee Odongo alisema. "Nimekuja kuangalia mtoto wetu anaishi na watu gani."

Ojuok alikuwa anakohoa ndani ya kitambaa.

Ikawa Faith anachukuliwa, na mama yake akasema anamfuata, nyumbani kwa Ojuok. Gari la Musoma lilikuwa la Jumatatu alfajiri. Maige alikwenda kusaidia kufunga mizigo, na Mama Faith alimwacha afunge. TV waliizungushia godoro. Maige alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga usiku kucha, akaanza kuyasema, Mama Faith akamkatiza.

"Ulisema ulichokiona," alisema. "Ila ungekuja kwangu kwanza. Ungeniambia, dada, hili la kijivu mbona silielewi, tuulize fundi. Ndugu yangu, ilikuwa kuuliza tu."

Akambeba Faith begani ingawa alikuwa mkubwa, akapanda.

Maige alirudi Mwaloni. Wiki ile kaseti mbili mpya ziliingia mjini, wakamuuliza zikoje, akasema hajui. Wakacheka, wakasubiri. Akaendelea kusema hajui mpaka wakachoka. Mwezi wa kumi na moja Kashindye ndiye aliyekuwa anapanda juu ya magunia, na wanasema hakuwa mbaya.

Mwaka uliofuata, mvua zile kubwa zilipokwisha na barabara kupitika, dereva wa lori la samaki alikuja kutoka upande wa Rorya. Maige alimfuata mpaka kwenye usukani. Dereva akasema Ojuok walimzika mwezi wa pili. Maige akamuuliza na Mama Faith. Akasema yupo ndani, amekonda, hatoki sana siku hizi. Na mtoto je? Dereva akasema mtoto yupo, mtoto mzuri yule, ndiye anachota maji na kupika, shule ameacha kwanza, si unajua pale kuna mgonjwa.