Mgeni Mwenye Kucha Katika Beseni la Nyamizi

Naandika nikiwa na akili timamu na viganja vyenye malengelenge: mdudu yule nilimtia katika beseni la Nyamizi kwa nia njema.

Nyamizi, wa kidato cha tatu kama mimi, alikuwa amehesabu kwa wiki sita wadudu wa mto ulio nyuma ya shule yetu, hapa Bariadi. Kazi yake ilikuwa iende kwenye mashindano ya sayansi Jumamosi. Lakini fomu ya alama, inayopima usafi wa mto kwa wadudu wake, ilitungwa na watu wa milima ya baridi. Ilitaka wadudu wa chini ya mawe. Mto wetu ni mchanga mtupu, na kiangazi vinabaki vidimbwi tu. Alipata viluwiluwi vya mbu, konokono na mende wa maji. Fomu ikatamka: mto mchafu. Nyamizi hakula, na siku hiyo ilikuwa wali.

Nami nilikuwa na mdudu wa chini ya mawe, niliyemtoa kwa mjomba wangu huko Rungwe kwenye milima ya baridi, ndani ya kichupa cha spiriti, kwa ajili ya kumtisha patroni wa bweni. Peke yake ana alama kumi. Asubuhi nikamdondosha katika beseni lake la wadudu.

Nyamizi alimwinua kwa kibanio, akamgeuza. "Mwangaluka, mgeni," akamsalimu Kisukuma. Kisha, bila kunitazama: "Sayi, huyu ana kucha za kung'ang'ania jiwe, maji yasimsombe. Huku kwetu angeng'ang'ania nini?"

Nikakitoa kichupa mfukoni, nikakiri.

Mwalimu Method wa sayansi alipoambiwa, alisema kazi yenye mdudu wa kupandikizwa haiendi popote. Nyamizi akaomba siku moja. Jioni akanikabidhi jembe, nikachimba mchangani pale wachungaji wanapochimbia ng'ombe maji, hadi shimo likanifika kiunoni. Maji yalipochuruzika akayakinga kwa sahani. Ndani yake vilijipindapinda vijidudu vyeupe, vyembamba kama uzi. Havikuwamo kwenye fomu.

Nikasahau kulalamika. Nikauliza kama vinakaa humo miezi yote vikingoja mvua, na kama yule wa Rungwe angeweza.

"Sijui," alisema. "Andika hilo swali."

Mwalimu akalisoma mara mbili, akakubali kazi iende, kwa sharti moja. Ndiyo maana leo nimesimama kwenye mashindano kando ya sahani iliyoandikwa "Wa Rungwe, si wa hapa", nikiwaeleza majaji alifikaje. Nimeeleza mara kumi na moja. Jaji wa mwisho hakunisikiliza. Ameinamia sahani ya nyuzi nyeupe, na hajainuka bado.