Visanduku Ishirini na Moja

Dada alinipa wiki moja. "Nikiona Mzee anaruka dawa, Jumamosi nakuja kumchukua. Atakaa kwangu." Anaishi mbali, siku nzima ya basi, na dada yangu akisema anakuja, anakuja.

Mzee, baba yetu, hataki. Kwa Dada ni ghorofa ya nne, hamna hata pa kuweka kiti nje. "Nitakuwa kasuku kwenye tundu," aliniambia. "Kula, lala, sema asante." Mimi pia sitaki aende, ila hilo sikumwambia mtu.

Shida ni mkono. Tangu kiharusi cha mwaka jana, wa kulia haushiki kalamu, kwa hiyo karatasi ya kuweka alama haimfai. Lakini wa kushoto ni mzima, na nyumbani tuna kompyuta, ile kuukuu niliyopewa na steshenari ninapofanya kazi. Shule niliacha mapema, lakini kwenye kupanga faili simwogopi mtu. Barua, fomu, wasifu wa wanaotafuta kazi, zote zinapita kwangu.

Jumapili nikamtengenezea orodha. Siku saba, kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mbele ya kila mstari nikachomeka alama ya mraba, nikamkalisha. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Hiki kimekufa," akasema.

Kweli. Nilikuwa nimeweka mchoro wa kisanduku tu. Fomu za kazini tunachapisha, watu wanatiki kwa kalamu, sikuwahi kuhitaji kisanduku kinachobonyezeka. Nikachimba mipangilio mpaka nikapata menyu moja inayokaa imefichwa hadi uiwashe. Vilikuwa humo, visanduku vyenyewe. Bonyeza, tiki inaingia. Bonyeza tena, inatoka. Nikaviweka vyote ishirini na moja, nikalipandisha faili mtandaoni ili Dada alione akiwa kwake. Mzee akajaribu kimoja. Akatia, akatoa, akatia, akatoa, anacheka kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Jumatatu saa tatu asubuhi niko kazini, Dada anapiga.

"Mzee yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Amemeza dawa ya wiki nzima?"

"Nini?"

"Fungua faili lako, wewe fundi."

Nikafungua. Tiki ishirini na moja, mpaka ya Jumapili ijayo jioni.

Sikuaga mtu. Mteja nilimwacha na wasifu wake umeishia shule ya msingi. Nikakimbia, kandambili moja ikakatika, nikaendelea na iliyobaki. Mzee nikamkuta mlangoni anakunywa chai.

"Kopo la dawa liko wapi?"

"Mezani. Mbona unahema hivyo? Umekula?"

Nikamwaga vidonge mezani, nikavihesabu. Ishirini. Jana niliweka ishirini na moja, kwa hiyo kilichotoka ni kimoja tu, cha asubuhi. Nikakaa sakafuni.

"Mzee, kwa nini umetiki vyote?"

Akaniangalia kama mgonjwa ni mimi. "Fomu si inajazwa kabla ya kuondoka?"

Miaka thelathini na moja huyu mtu aliendesha lori la masafa. Kwenye yadi yao fomu ya ukaguzi, breki, taa, matairi, maji, inajazwa yote getini. Usipojaza, geti halifunguki. Kwake kisanduku kitupu ni uzembe.

Nikampigia Dada, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha. "Sawa, nimecheka. Lakini nitajuaje anameza? Jumamosi iko palepale."

Jioni nikarudi kwenye faili. Nikaandika kwa herufi kubwa USITIKI KABLA, nikafuta. Hata bosi wake hakuwahi kumwandikia hivyo, sembuse mimi.

"Mzee, mkishatoka getini mlikuwa mnajaza nini?"

"Mizani. Kila kituo cha kupima mzigo, na saa uliyofika."

"Unaweza kujaza kabla hujafika?"

"Huo uongo. Unafukuzwa siku hiyohiyo."

Basi nikaondoa tiki ambazo hazijafika, nikaandika upya. Kila siku ni safari moja, mizani tatu. Mizani ya kwanza saa moja asubuhi, ya pili saa saba mchana, ya tatu saa mbili usiku. Mzee akasoma polepole, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Sasa hii ni kazi," akasema.

Jumanne, tiki tatu. Jumatano, tatu. Alhamisi tiki ya mchana ikachelewa, Dada akapiga palepale, Mzee akapokea mwenyewe. "Nilikuwa bafuni, mama. Lori haliruki mizani."

Ijumaa jioni Dada akanipigia mimi. "Mwambie simchukui. Nitakuja mwezi ujao, kusalimia tu." Halafu akauliza: "Na ule mstari wa chini kaandika nani?"

Mstari gani? Nikafungua faili. Chini kabisa, baada ya Jumapili, kuna herufi kubwa zilizopigwa kwa kidole kimoja: UTINGO AMEKULA. Utingo ni msaidizi wa dereva wa lori. Ndivyo Mzee anavyoniita tangu niache shule. Mbele ya maneno kaweka mabano mawili na nafasi katikati.

Mabano yenyewe hayabonyezeki. Nikayafuta, nikaweka kisanduku chenyewe. Halafu nikaenda jikoni, nikala nimesimama, nikarudi, nikatiki.

Mzee alikuwa nyuma yangu.

"Umejaza kabla au baada?"

"Baada, Mzee."

"Haya. Sogea, saa mbili hii, mizani yangu imefika."