Matonge Matatu Juu ya Meza ya Mkwe

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema nisije nikasemewa. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, tandika kitu mezani kabla hujakoroga." Nikamjibu kwamba fundi vigae wa miaka ishirini hatandikiwi kama kitoto kichanga.

Nikakoroga grauti ya epoksi, ile ya dawa mbili ambazo zikishachanganywa hugeuka jiwe, nikaziba mianya ya vigae jikoni, nikatoka kujisifia kwa jirani. Niliporudi, matonge matatu ya grauti yalikuwa yameganda mezani. Na meza ile ndiyo kazi ya mwisho ya marehemu baba mkwe, aliichonga mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anakuja saa kumi kuona jiko jipya, naye kila akija huipapasa kwanza meza, ndipo atusalimu sisi wenye uhai.

Nikachukua patasi. Mke wangu ni msusi, na miaka yote hiyo kazi yake naiita "kupuliza vichwa".

"Weka chini," akasema. "Ukigonga, tonge litang'oka na vanishi."

"Basi thina."

"Thina itaanza na vanishi, grauti baadaye. Wateja wangu hubandika wigi kwa gundi. Unadhani nawabandua kwa nyundo?"

Akachomeka drai yake ya saluni. Akaijaribu kwanza chini ya ukingo, pasipoonekana, aone kama vanishi itavimba. Haikuvimba. Ndipo akalielekezea tonge moto wa wastani, akiuhamisha huku na huku usitulie pahali pamoja. Mimi nikapewa cheo cha kushika waya. Haikuchukua muda, jiwe likalegea kama ubani uliotafunwa. Akapenyeza kadi ya plastiki, akasukuma polepole kufuata nyuzi za mbao, huku akilibembeleza: "Njoo mwanangu, hatutaki fujo." Likaja. La pili nalo, na la tatu. Ukungu wa grauti uliobaki juu ya mbao akaufuta kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na siki kidogo, akakausha papo hapo.

Saa kumi mama mkwe akaingia, akaipapasa meza pembe hadi pembe. Roho yangu ilikuwa mkononi mwake. Mkono haukukwama popote. Akaketi, ameridhika.

"Umeitunza, baba."

"Kama yai, mama."

Mke wangu akakohoa. Mama mkwe akanitazama vizuri. "Na hicho kwenye ndevu?"

Nikashika kidevu. Tonge la nne, gumu kama kokoto. Mke wangu alikwisha kuinua drai, tayari kunihudumia. Ningenyamaza ningepona, ila ule mdomo ulioponza kichwa ni jamaa yangu wa karibu.

"Mama, huyu ataniringia mwezi mzima. Kupuliza hewa ya moto nako ni kazi?"

Mke wangu akachomoa waya, akanisogezea patasi.

"Basi ndevu zitoe kwa hii."