Baragumu la Ndiva

Namlaza Mbonea usingizi wa mchana, nami najilaza kando yake kidogo tu, niondoke akishazama. Huo ndio uongo ambao kila mama hujidanganya nao. Nje ukungu umeshuka tangu asubuhi, ukungu mzito wa huku kwetu milimani Upare, hata migomba ya jirani haionekani. Namfikiria baba yangu, Mzee Senzighe, mlinzi wa ndiva, yaani lile bwawa la udongo lililo juu ya nyumba zetu, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi ili kila shamba lipate zamu yake. Namfikiria pia yule mhubiri wa kupita aliyesimama gulioni na spika yake, akasema dunia inafungwa msimu huu, ukungu utashuka mchana na parapanda itasikika kutoka mlimani. Tangu siku hiyo jirani yangu Nakijwa amegawa kuku wake wote, na wengine nimewapokea mimi, sikuona haya. Nacheka peke yangu. Kope zinakuwa nzito, nateremsha mguu kushuka kitandani, na mguu unakanyaga majani yenye umande.

Niko juu ya ukingo wa ndiva na pembe ya tandala ya baba, baragumu lenyewe, iko mkononi mwangu. Baba hayupo. Ukuta wa udongo umepata ufa, na maji yanatoka taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi mara ya kwanza. Nayafuata kwa macho yanakoelekea, na ingawa ukungu umefunika kila kitu, kitu kimoja nakiona wazi: nyumba yangu iko chini kabisa ya ufa ule, mlango umefungwa, na Mbonea amelala ndani. Nashuka mbio nikamchukue. Njia inashuka, inashuka, kisha bila kupinda popote inanirudisha ukingoni. Nashuka tena, inanirudisha tena, na ufa sasa unaingia ngumi. Basi nafanya tunachofanya huku tangu enzi za mababu, napuliza baragumu. Likilia, kila nyumba humtoa mtu na jembe lake, hata kama chungu kiko motoni, na asiyefika hutozwa pombe na kuchekwa mwaka mzima. Huo ndio msaragambo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, methali hiyo wengine huimba tu, sisi tumezaliwa nayo. Napuliza mpaka masikio yanaziba, na ndani ya ukungu nasikia nyayo za watu wengi wanakuja, na moyo wangu unatulia.

Wanatokea wamevaa nyeupe. Gauni za ubatizo, shuka, majoho ya kwaya, mzee mmoja amejifunga chandarua. Hakuna jembe hata moja. Nakijwa ananikumbatia, ananiomba msamaha kwa maneno aliyonisema mferejini, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia na sasa ananisomea yote, na mengine yananiuma kweli. Mchome, mwenyekiti wa ndiva, mtu ambaye juzi tu alitaka kupigana kwa sababu ya zamu ya maji, anawagawia watu mashamba yake huku akitabasamu. Namvuta mkono, namwonyesha ufa. Namwambia maji yanaelekea kwa mwanangu, nataka udongo, nataka mawe, nataka watu wasimame mstari. Anautazama ufa kwa upendo.

Mama Mbonea, anasema, weka pembe chini. Tumeshasikia, tumekuja.

Mmekuja na nini?

Na mioyo yetu.

Moyo hauzibi ufa, Mchome. Hili ni baragumu la msaragambo, nimelipuliza mimi, kwa mdomo wangu huu.

Na malaika naye hupuliza kwa mdomo, mama, ananijibu kwa upole, nami natamani kumpiga nayo ile pembe. Nikinyamaza wanasali kwa sauti ndogo. Nikipuliza wanapiga magoti. Kila ninavyoita msaada ndivyo wanavyozidi kuamini kwamba hakuna tena cha kusaidia, na sina njia nyingine ya kuita, hii ndiyo tuliyoachiwa. Hasira inanipanda, na chini ya hasira kuna hofu, nayo ni kubwa kuliko hasira.

Nawaacha na magoti yao, naenda kutafuta watu wengine wenye majembe. Njia iliyokuwa ikinirudisha sasa inakubali kunipeleka, inakwenda tu, mbele hakuna mwisho na nyuma hakuna mwanzo, na kando yangu anatembea mtu ambaye sikumwona akija. Hana uso. Pale pa uso pana ngozi tupu, laini kama goti la mtoto. Namuuliza mji wenye majembe uko wapi. Kitendawili, anasema. Namwambia sina nafasi ya vitendawili, mwanangu amelala chini ya maji. Kitendawili, anasema tena, na miguu yangu inagoma kwenda. Tega, nasema. Namjua mgonjwa, anasema, kila kizazi kimemkalia matanga, naye ndiye anayewazika wote. Namfikiria mama mkwe wangu, lakini naona si yeye. Nimeshindwa, nasema upesi. Basi nipe mji, anasema. Hivyo ndivyo watoto wafanyavyo jikoni jioni, ukishindwa kutegua unatoa mji, Tanga au Moshi, na hakuna anayeumia. Chukua huo ulio mbele, namwambia, nami nausogelea. Ni kijiji chetu hiki hiki, ila cha kushoto kimekaa kulia, na juu yake iko ndiva nyingine, na ukingoni mwanamke ameshika pembe kwa mkono wa kushoto. Kabla sijamwita, mji unafifia kama pumzi kwenye kioo, na wa mwisho kupotea ni yule mwanamke, bado anapuliza.

Nauliza amewapeleka wapi. Umewatoa wewe, anasema, na kitendawili kiko pale pale, tegua. Nashindwa tena. Tunapita mji ambao watu wake wamechinja hata mbuzi wa kuzalisha kwa sababu nzige wamefunika jua, nautoa kabla sijajua ninachosema. Tunapita mji ambao ndege ya kwanza imepita angani na wazee wamejilaza makaburini wakisubiri, wamejifunika vizuri, wamekunja mikono, nao unakwenda. Tunapita mji ambao jua limepatwa na kina mama wamekaanga mbegu zote za maharage, wanalishana, wanacheka, wanalia, kesho haipo ya kupandia. Nawafahamu hawa, ni bibi zetu, walishatusimulia wenyewe habari hizi wakijicheka, jinsi walivyoamka kesho yake na njaa. Nataka kuwapigia kelele kwamba jua litarudi, lakini mwenzangu anauliza, mdomo wangu unasema nimeshindwa, na hawaamki tena kesho yake. Kila mji una mwanamke ukingoni. Kila mwanamke anapuliza. Walikosea wote, dunia haikuwa inaisha, mpaka nilipopita mimi na haraka yangu, na sijui nimwambie nani kwamba nilikuwa natafuta majembe tu.

Sasa mbele hakuna mji. Kuna ukingo wa ndiva yetu, na Mchome na Nakijwa na watu wao weupe, na ufa ambao mtu mzima anaweza kupita akiinama. Toa wako, anasema mtu asiye na uso. Sitoi. Basi tegua. Nasema njaa. Nasema serikali. Nasema mapenzi, maana nimeishiwa. Anatikisa kichwa kila mara bila hasira, na maji yanazidi kuchimba, udongo unaanguka vipande vipande. Naingiza mikono yangu kwenye ufa, naingiza khanga yangu, naingiza mguu, mwili wangu wote hautoshi. Nampigia magoti. Chukua kijiji, namwambia, niachie mtoto. Anauliza, kwani mtoto ni wa kijiji kipi? Sijatamka neno la kutoa, naapa, nimechoka tu, nimeinamisha kichwa, na huku uchovu nao unahesabiwa kuwa neno. Ahsante, anasema, na kwa kuwa nimeshatoa mji wangu ananipa jibu, kama desturi inavyotaka. Dunia, anasema. Mgonjwa ni dunia. Ni jibu ambalo hata Mbonea angelipata.

Ukuta unafunguka. Maji hayana adabu tena, yanateremka na mawe na migomba, na watu wangu wanainua mikono kuyapokea, wanaimba vizuri sana, sijawahi kuisikia kwaya yetu ikipatana hivyo. Napuliza baragumu, sijui namwita nani, napuliza mpaka sauti inakwisha na inabaki pumzi, na pumzi inakwisha, na bado baragumu linalia.

Linalia, nami niko kitandani. Mbonea yuko ubavuni mwangu, mzima, jasho kwenye shingo yake, amelalia mkono wangu mpaka umekufa ganzi. Dirishani ni ukungu mtupu. Nasema alhamdulillahi, nasema Bwana asifiwe, nachanganya dini zote za ukoo, ilikuwa ndoto. Kisha baragumu linalia tena, huko juu, kweli kweli, mlio mrefu unaokatika katikati kama wa mtu aliyeishiwa pumzi. Baba ana kifua kibovu. Baba hupuliza hivyo. Au ndoto bado inaendelea, na huo ni mlio wangu mwenyewe kutoka mji nilioutoa. Au yule wa gulioni hakukosea. Jembe liko nyuma ya mlango, hatua chache. Najiambia, inuka, ni msaragambo, ni baba anaita, ufa haungoji. Najiambia hivyo kwa maneno ya kueleweka kabisa, na mwili hausogei, kwa maana nikitoka namwacha mtoto chini ya ndiva, na nikimbeba, njia itanipeleka wapi? Baragumu linalia, fupi zaidi. Mbonea anafumbua macho, ananitazama, anauliza, mama, babu anamwita nani? Nami, binti wa mlinzi wa ndiva, namziba masikio kwa viganja vyangu, namvuta kifuani, na naanza kumwomba msamaha.