Jibu Alilolisubiri Bibi Robi

Kwa miaka miwili watu wa Nyamisangura, hapa Tarime mjini, walimsubiri Tano afungue mdomo.

Tano hakuwa mtu wa Tarime. Alikuwa binti wa kwenye tamthilia ya Kizungu ambayo hapa mjini kila mtu aliiita Mapacha wa Maabara. Madaktari walichukua kipande cha mwili wa binti aliyefungiwa mlango na mama yake, akafa, wakaotesha wengine watano, wote sura moja, sauti moja, hata mwanya wa meno ule ule. Wa mwisho hawakumpa jina, wakamwita kwa namba yake. Basi katika sehemu ya mwisho mama wa yule marehemu anamfuata Tano stesheni ya treni, anamshika mkono, anamwambia: "Siku ile nilikufungia mlango. Umenisamehe?" Tano anafungua mdomo. Picha inakatika, majina yanaanza kupanda.

Siku hiyo nusura laibrari ya Sylvester ivunjwe. Laibrari yenyewe ni chumba kimoja chenye kompyuta, televisheni ukutani na mabenchi mawili. Watu wanakuja na flashi na simu zao kuwekewa muvi, na anayeweka ni Bhoke.

"We binti, umenikatia!" Machage, fundi pikipiki, alifoka. "Nipe iliyobaki!"

"Hakuna kilichobaki, kaka Machage. Ndivyo walivyoimaliza."

"Mtu anafungua mdomo halafu hasemi? Hata ng'ombe akifungua mdomo utamsikia!"

Watu walicheka mpaka wakasahau hasira. Bhoke hakucheka. Aliishia darasa la saba, na tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa kutazama, picha na watu wanaozitazama. Wengine walilitaka lile jibu kwa ajili ya kuburudika. Yeye alikuwa na shida nalo.

Kwao ni kijijini Susuni, na kila Jumapili alikwenda kumsimulia bibi yake sehemu alizoziona wiki ile. Bibi Robi macho yalishaingia ukungu, hivyo tamthilia aliila kwa masikio. Aligomba na madaktari, akamtukana yule mwenye maabara kwa Kikurya, akawahesabu wale mabinti kwa vidole asije akawachanganya. Lakini siku Bhoke alipomsimulia lile swali la stesheni, bibi aliacha kupepeta ulezi. Ungo ukatulia mapajani.

"Na binti alimjibu nini?"

"Hawajaonyesha, bibi. Wanasema itakuja nyingine."

"Ikija, uje uniambie alichojibu. Na siku hiyo mimi nami nitakuuliza la kwangu."

Hakusema ni lipi. Bhoke alilijua.

Kabla ya Bhoke huyu palikuwa na Bhoke mwingine, binti wa Bibi Robi, dada wa baba yake. Aliolewa Kenyamonta, upande wa Serengeti. Ng'ombe wa mahari yake walipofika Susuni, hata zizi halijawazoea, wakaswagwa kwenda kumwoa Elieth kwa ajili ya kaka yake Vincent. Ndivyo mambo yanavyokwenda huku: dada anaolewa, kaka anaoa. Kisha alfajiri moja yule Bhoke akarudi kwa miguu, jicho limevimba, kanga imechanika. Mama yake akasimama kwenye mlango wa boma, hakumpisha.

"Rudi kwa mumeo," alimwambia. "Nikikupokea, watataka ng'ombe zao. Ng'ombe zimeshamwoa Elieth, na Elieth ana mimba. Nimtoe niende naye wapi?"

Binti akageuka na njia yake. Msimu haukuisha, ikaja habari kwamba amefia kwenye uzazi.

Ile mimba ya Elieth ndiyo Bhoke huyu. Alipozaliwa alilia siku tatu, hanyonyi, halali. Wazee wakaketi wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, wajue ni nani anayetaka kukumbukwa. Walipofika kwa Bhoke, mtoto akanyamaza, akashika ziwa. Kwa Bibi Robi mjadala ukafungwa pale pale: mwanangu amerudi.

Na hakuwa akisema kwa mfano. Mgeni akija, bibi alimwonyesha mjukuu kwa kidole akasema, "Huyu kabla hajafa alikuwa mbishi sana, siku hizi afadhali." Mgeni anaitikia kwa kichwa. Na kila Jumapili, ugali ukiepuliwa, bibi alikwangua ukoko wa chunguni akamwekea Bhoke peke yake, kwa sababu "tangu zamani ndio unaoupenda." Bhoke aliutafuna akiusukuma kwa maji. Hakuwahi kuupenda hata siku moja. Lakini mtu anayekupa kitu kwa mikono miwili namna ile, utamwambiaje?

Ndiyo maana alimsubiri Tano. Alifikiri, yule msichana akipata la kumjibu yule mama, na mimi nitapata.

Tamthilia mpya ilifika siku ya Alhamisi. Haikuwa mwendelezo hasa, ilikuwa ndugu yake ile ya kwanza, waliyoipa jina Kizazi Kipya. Sylvester hakungoja kuiangalia. Aliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: TANO ANAJIBU! NJOO NA FLASHI YAKO.

"Bosi, una hakika anajibu?" Bhoke aliuliza.

"Asijibu kwani ni bubu? Si ndipo walipoachia!"

Ijumaa baada ya saa nane mabenchi yalijaa. Teresia, fundi cherehani wa jirani, alikuja na nguo ya mteja mkononi, anashona pindo huku anaangalia. Sehemu ya kwanza ikaanza. Akatokea mwanamke asiyejulikana, ana bunduki, yuko kwenye barafu. Akakimbizwa. Sehemu ya pili akakimbizwa na helikopta. Ya tatu, helikopta zikawa mbili.

"Tano yuko wapi?" Machage aliuliza.

"Tulia, mura, wanamtayarisha," Sylvester alisema.

Wakamtayarisha mpaka Jumamosi. Yule mtafsiri, ambaye sauti yake ya Kiswahili huwekwa juu ya Kizungu, kwa kawaida ni mtu wa mbwembwe, kila anayekufa anampa wosia wa kuchekesha. Lakini kufika sehemu ya sita naye alipoa. "Wapenzi watazamaji," alisema katikati ya mapigano, "hapa hata mimi sijaelewa, tusonge tu mbele."

Tano akatokea sehemu ya kumi, ya mwisho, amekata nywele. Yule mwanamke wa barafu akamwuliza habari za mama wa stesheni. Tano akasema, "Alifariki zamani." Basi. Maneno mawili, wakamzika. Halafu daktari mmoja akafungua karatasi akasema kumbe kulikuwa na makosa maabara: Tano hakuwa nakala. Tano ndiye yule binti mwenyewe, hakufa kamwe. Muziki ukapanda, wakakumbatiana na watu ambao hakuna aliyewajua.

Chumba kizima wakakaa kama watu walioalikwa harusini wakakuta chakula kimeisha.

"Helikopta nne," Machage alisema mwishowe, "na jibu hakuna. Sylvester, toka nje ufute huo ubao wako."

"Kwani ni mimi niliyeitengeneza?"

"Wewe ndiye uliyemsemea Tano kwa chaki!"

Teresia alikata uzi kwa meno. "Mimi sioni ubaya. Kumbe mtoto alikuwa ni yule yule. Mbona ni vizuri?"

"Na Tano?" Bhoke aliuliza.

Walimgeukia, kwa kuwa hakuwa msemaji.

"Tano gani? Si ndiye huyo?"

"Yule tuliyemlilia, dada Teresia. Aliyekuwa hana jina. Aliyefundishwa kupika chakula cha marehemu, akavalishwa nguo za marehemu, na bado akawa anajitafuta. Wamesema hakuwepo. Na mama naye wamemwua asije akauliza tena. Wameogopa lile swali, wakapita dirishani."

"Khaa," alisema Machage. "Huyu naye leo kafungua mdomo."

Bhoke alirudi kwenye kompyuta yake. Siku nzima alikuwa anawawekea watu Kizazi Kipya kwenye flashi, maana hata kitu kibaya watu wanataka wakione wenyewe. Mkono unabonyeza, akili iko Susuni. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Kesho angemwambia bibi: Tano alikuwa ndiye yule yule, na alimsamehe mama yake. Bibi angeuliza la kwake, naye angesema, nimekusamehe, mama. Maneno mawili, na mzee angelala usingizi aliokosa miaka ishirini na miwili. Nani angeumia?

Jumapili alishuka kwenye bodaboda njia panda akamalizia kwa miguu. Bibi Robi alikuwa jikoni, chungu cha ugali kiko motoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Imekuja?"

Hata maji hajampa. "Imekuja."

"Kaa. Sema."

Bhoke akasimulia. Barafu aliiruka, helikopta akazikusanya pamoja. Alipofika kwenye ile karatasi ya daktari, bibi alipiga paja.

"Si nilisema! Ndiye yule yule! Wazungu wanachelewa tu, lakini wanafika. Na mama yake, alimsamehe?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Bhoke alimtazama bibi, yale macho ya ukungu yaliyomwelekea kama mtu anayeota jua, na ule uongo ukamshinda.

"Hawakusema, bibi. Walisema mama alifariki, wakaendelea na mengine."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Bibi Robi aliepua chungu polepole, akakiweka chini. "Basi hawana adabu," alisema. "Nitauliza mwenyewe." Akafuta mikono kwenye kanga, akaikamata mikono ya Bhoke. "Ile alfajiri. Pale mlangoni. Umenisamehe?"

Bhoke akafungua mdomo. Kuku alipita akidonoa punje za ulezi. Moshi ukageuka ukawaingia wote wawili. Hapakuwa na majina ya kupanda wala mtu wa kukata picha. Bibi alikuwa anangoja.

"Bibi," alisema, "ile alfajiri mimi nilikuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya boma. Tumboni mwa mama. Shangazi ndiye alikuwa nje."

Mikono ya bibi ililegea lakini haikumwachia.

"Kama ni msamaha, ni wake," Bhoke akaendelea. "Siwezi kumsemea. Nikisema amekusamehe nitakuwa nimekudanganya, na wewe utajua."

"Nani kakufundisha hayo? Hiyo televisheni?" Bibi aliivuta mikono yake. "Si tulikuita ukanyamaza! Wazee wote walikuwepo! Tulisema Bhoke, ukanyamaza!"

"Nilikuwa mtoto wa siku tatu, bibi. Labda nilichoka kulia."

Kwa muda ilionekana kama mzee atamfukuza. Alishika mwiko, akauweka. Akashika kata, akaiweka. Kisha akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kwenda, bila sauti kwanza, halafu kwa sauti. Ilikuwa sauti ambayo Bhoke hakuwahi kuisikia kwake. Hata kwenye misiba ya majirani bibi alikuwa wa kubembeleza wengine. Na ndipo akaelewa kitu ambacho miaka yote alikuwa anakiangalia hakioni: bibi hakuwahi kumlilia binti yake. Utamliliaje mtu ambaye unasema amerudi, yuko hapa, anakula ukoko?

Hakumwambia nyamaza. Alisogeza kigoda akakaa karibu, bega kwa bega, akamwacha alie mpaka moto ukabaki makaa.

"Alikuwa anatumia mkono wa kushoto," bibi alisema mwishowe ndani ya kanga. "Kupepeta, kulima, vyote. Baba yake alimchapa mpaka akachoka."

"Mimi natumia wa kulia."

"Nimeona." Akapenga kamasi. "Nimeona miaka yote. Nikasema labda huko alikokwenda wamemnyoosha."

Bhoke akacheka kabla hajajizuia, na bibi akacheka pia, machozi bado yanashuka. Akaanza kusema. Jinsi yule Bhoke alivyoimba vibaya na kwa nguvu. Jinsi alivyoogopa vinyonga. Jinsi alivyogeuka pale mlangoni bila kusema hata neno, yeye aliyekuwa mbishi, na ule ukimya ndio bibi aliokuwa akiusikia kila alfajiri. Bhoke alisikiliza. Kwa mara ya kwanza shangazi yake alikuwa mtu mwingine, mwenye mkono wake na woga wake, na yeye akamhurumia kama unavyomhurumia ndugu.

Ugali ulikuwa umepoa. Bibi aliupakua, akachukua upawa, akakwangua ukoko wote ukatoka mzima, wa kahawia, unanukia. Akamnyooshea Bhoke kama siku zote. Mkono ukasimama njiani.

"Hebu kwanza," alisema. "Wewe unaupenda ukoko?"

"Hapana, bibi. Sijawahi."

"Hata kidogo?"

"Unanikwangua koo."

"Yesu wangu," alisema Bibi Robi. "Miaka yote hii! Na mimi ninavyoupenda, ninajinyima ili wewe ule!"

Akamsogezea ule ugali laini wa katikati, akajivutia bakuli la maziwa, akauchovya ule ukoko ulainike kwa ajili ya meno yake manne yaliyobaki, akaanza kula.