Mlango Hauuzwi

Dalali aliingia nyumbani kwetu kwa bega. Hakuna aliyemwambia asukume kwa bega. Mlango wenyewe ulimfundisha. Ulikuwa umelegea kwenye bawaba tangu mimi sijaanza shule, na mgeni asiyeujua uliweza kumweka nje mpaka akate tamaa. Sisi wa humo ndani tuliuinua kidogo kwa kitasa, kisha tukausukuma, nao ukakwaruza sakafu kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Miaka yote hiyo ilikuwa imechora upinde kwenye saruji.

"Dosari ya kwanza," alisema dalali, kabla hata ya salamu. Nilimchukia hapo hapo, na mimi nikimchukia mtu uso wangu haujui kuficha.

Mama hakumchukia. Alinyanyuka kitini, akampa mkono, akasema, "Karibu, mwanangu. Nifuate, nikuonyeshe mwenyewe." Akatangulia kwenye korido kwa mwendo wa mtu aliye kwake, mkono mmoja ukipita ukutani. "Hapo mbele inua mguu, pana nundu. Ukiipita tu, bafu liko kushoto. Jikoni utashuka ngazi moja, ni ndefu kuliko unavyodhani." Dalali alijikwaa kwenye nundu pamoja na kuambiwa. Mama aliipita bila kuangalia chini.

Baba yetu alikuwa mwashi. Nyumba za watu alizijenga kwa timazi na pima maji, na nyingi zimesimama wima mpaka leo. Ya kwake aliijenga jioni, akiwa amechoka, kwa mabaki aliyoruhusiwa kubeba kutoka kazini. Mganga hajigangi. Madirisha mawili ya sebule hayakulingana kwa sababu yalikataliwa na wateja wawili tofauti. Ukuta wa korido ulikuwa na lipu ya kukwaruza kwa kuwa hakuwa na subira ya kuchekecha mchanga, na akitoka kazini aliegemea hapo akajikuna mgongo, macho kayafumba, huku sisi watoto tukipanga foleni nyuma yake tusubiri zamu. Mpaka leo sijapata mahali pengine pa kujikuna penye raha ile.

Na nundu ilikuwa na historia yake. Siku baba alipokuwa anamwaga sakafu ya korido, jirani alikuja mbio kumwambia kwamba mama amepelekwa hospitali, uchungu umeanza. Baba aliutupa mwiko palepale akakimbia. Aliporudi kesho yake ana mtoto wa kiume, saruji ilikuwa imeshakauka ikiwa na mgongo, kabla tu ya kona ya bafu. Mama alimwomba aivunje. "Siivunji," alisema baba. "Wamezaliwa siku moja, wakue pamoja."

Huyo mtoto ndiye mdogo wangu. Tangu utotoni tulimwita Meneja, kwa sababu alikuwa hodari wa kugawa kazi za nyumbani na kisha kukaa kuzisimamia. Siku hiyo ya dalali alisimama naye kwenye korido, mikono kiunoni, akaipigapiga nundu kwa ncha ya kiatu.

"Hii lazima iondoke," alisema.

"Ndugu yako huyo," nilimwambia. Hakucheka.

Tulirudi sebuleni kusikia bei. Dalali alikunywa chai yetu yote kwanza. "Ilivyo hivi, mama, sitauza nyumba. Nitauza kiwanja, na nyumba itakuwa nyongeza." Nilifungua mdomo nimjibu, mama akanigusa goti. "Lakini mkiirekebisha," aliendelea, "mlango, sakafu, lipu, ile ngazi ya jikoni, kisha rangi nyeupe kila mahali, bei inapanda theluthi nzima. Mnunuzi ananunua kwa macho."

"Mlango pia?" aliuliza mama.

"Mlango ndio wa kwanza, mama."

Mama alichezea ncha ya kanga yake. Kisha akasema sawa.

Wazo la kuuza lilikuwa lake, na hilo ndilo lililonitatiza. Wajane wengine hung'ang'ania nyumba mpaka watoto wakagombana. Mama yetu aliitisha kikao mwenyewe. Alitaka tugawane yeye akiwa hai, na kwa fungu lake anunue vyumba viwili vidogo jirani na shoga yake wa ujanani. Alitaka haraka. Kila nilipompigia simu swali lilikuwa moja: dalali amesema lini? Nami kila mara nilimwambia chumba kipo kwangu.

"Kwako kuna ngazi na mume," alinijibu. "Vyote viwili vinapiga kelele usiku. Mimi sihami niende kuwa mzigo, mwanangu. Nahama niende kwangu."

Basi tukaanza kazi. Mama alikwenda kukaa kwa shoga yake ili vumbi lisimwingie kifuani, na sisi tukamwita fundi. Meneja alisimamia, kama desturi. Mimi nilifunga vyombo, na mnajua kufunga vyombo kulivyo: unafungua kabati upate sufuria, unapata utoto wako. Nilikuta sare yangu ya shule iliyogeuzwa tambara, na kiatu kimoja cha Meneja tulichokitafuta siku nzima ya mtihani wake, akaenda na ndala. Nilikuta mwiko wa baba, mpini umelika kwa umbo la kiganja chake. Niliushika nikakaa nao sakafuni mpaka fundi akadhani naumwa.

Nundu ilivunjwa kwa nyundo. Ukuta wa korido ulipigwa lipu mpya ukasuguliwa kwa msasa mpaka ukateleza. Ngazi ya jikoni ikagawanywa mbili. Mlango uliondolewa, ukarandwa chini, ukafungwa bawaba mpya, na fundi akautembeza mbele yangu kwa kidole kimoja, akijivuna. Haukutoa sauti yoyote. Ule upinde kwenye saruji ulizibwa. Kila kitu kikapakwa nyeupe, na nikiri kwamba nyumba ilipendeza. Ilipendeza kwa namna ya mtu mnayemjua aliyevalishwa suti ya kuazima.

Siku moja kabla ya wanunuzi kuja, Meneja alimrudisha mama asubuhi ili aione. Alimfikisha sebuleni, akawahi kazini. Mimi nilikuwa dukani kununua vyuma vya mapazia.

Niliporudi, nilisahau nikauinua mlango, nao ukafunguka kama karatasi, nusura nidondoke nao. Nilipita sebuleni, hakuna mtu. Nikamwona mama kwenye korido. Alikuwa amesimama katikati, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye ukuta mpya, uso ukielekea mlango wa stoo. Kanga ilikuwa imemdondoka mabegani na hakuiokota. Nilikwenda mpaka mbele yake.

"Nani?" aliuliza mama.

Nilidhani ananitania, maana mama ni mtani. Nikacheka. Akauliza tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "Nani hapo? Mbona husemi?"

"Ni mimi, mama."

"Sikusikia mlango," alisema, akaanza kulia.

Nilimkalisha palepale sakafuni, mahali nundu ilipokuwa, nikakaa naye. Alikuwa anatafuta bafu. Katika nyumba aliyoishi tangu ndoa yake, alikuwa ametafuta bafu mpaka akachoka, akafungua stoo, akarudi, akapoteza hata upande wa sebule. Nilimuuliza tangu lini.

"Jicho hili lilikufa zamani kidogo. Hili lingine daktari amesema linasubiri zamu yake. Wewe sasa hivi nakuona kama nguo iliyoanikwa, najua tu kuna kitu."

"Na hukutuambia."

"Niwaambie mnibebe? Humu ndani nilikuwa naona. Mlango ukilia najua ni nani: wewe unauinua, mdogo wako anauburuta, shoga yangu anagonga kwanza hata ukiwa wazi. Ukuta ukinikwaruza najua niko korido. Nundu ikinigusa mguu, kushoto ni bafu. Hakuna aliyenishika mkono. Leo mmenipofusha, mwanangu, na rangi yenu nyeupe."

Nilimfunika kanga. Baadaye kidogo akanieleza na haraka yake. Alitaka auze mapema, ahamie kwenye vile vyumba viwili wakati jicho bado lina mwanga kidogo, avisome kwa miguu na mikono mpaka vikae mwilini. Alijua kwamba jicho likizima kabla hajajifunza, ataletwa kwangu, akalishwe kitini, aulizwe kama anataka kwenda bafuni.

"Nimechelewa," alisema. "Hii ya kwangu yenyewe imenishinda. Ile ngeni nitaiweza wapi? Nipeleke tu kwako."

Hilo ndilo jibu nililolitafuta kwa mwaka mzima, na nilipolipata niliona uchungu. Nilimtazama mama aliyetulea peke yake tangu baba afe, aliyemfokea msoma mita za maji na mwenyekiti wa mtaa, ameketi chini akiniomba nimbebe. Nikamwambia hapana. Nikamwambia utakwenda kwako.

Wanunuzi walikuja kesho yake, mume na mke, mke akiwa na tumbo kubwa. Walizunguka nyumba na dalali, wakafurahia kila kitu. Dalali alitaja bei ile ya theluthi juu, mume akakuna kichwa, wakashuka kidogo, dalali akapanda kidogo, wakakutana. Meneja alikuwa tayari ananyoosha mkono.

"Mlango hauuzwi," nilisema.

Wote walinigeukia. Dalali aliuliza mlango gani.

"Wa mbele. Nauchukua."

"Dada," alisema dalali kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "nyumba isiyo na mlango nitaiuzaje?"

"Kata bei yake kwenye fungu langu."

"Dada, umeamka vibaya?" alisema Meneja. Nilimvuta nje, nikamweleza kila kitu kibarazani. Nilimweleza kwa ukali, kwa sababu bila ukali ningelia. Alisikiliza, akitazama viatu vyake. Aliniuliza swali moja tu, kama ni kweli mama alikuwa anamjua kwa mlango. Nikamwambia anauburuta, ndivyo mama alivyosema. Alirudi ndani akamwambia dalali mlango hauuzwi. Mume wa yule mjamzito akasema hata hivyo alipanga kuweka wa chuma, basi ikawa nafuu kwake na kwetu.

Fundi wetu tulimwita tena, kwenye vile vyumba viwili, na maskini alituuliza mara nyingi kama tuna akili zetu. Tulimwomba auongezee mlango ubao chini, pale alipoupunguza, na aufunge kwa bawaba zile kuukuu. Alisema utakwaruza. Tukamwambia ndiyo. Tulimwomba apige lipu ya njia ya ndani kwa mchanga usiochekechwa. Alisema watu watasema fundi mbovu. Tukamlipa zaidi kwa ajili ya jina lake.

Nundu hakupewa yeye. Meneja alikuja Jumapili, akavua saa, akapiga magoti na suruali yake ya ofisini mbele ya kona ya bafu, na mwiko wa baba mkononi. Sikuwahi kumwona akifanya kazi bila kumtuma mtu. Saruji ilipokauka mama aliipima kwa kisigino, huku na huku, amemshika bega.

"Ongeza kidogo huku," alisema. "Baba yako alikuwa na haraka kuliko wewe."

Meneja aliongeza. Alipoinama niliona anajifuta uso kwa mkono wa shati, nikaangalia dirishani nimpe nafasi.

Mama alihamia mwezi uleule, mwanga ukiwa bado upo kidogo. Wiki za kwanza alijigonga, akatukana, akamkataza shoga yake kumshika mkono. Jicho la pili lilizima muda mfupi baadaye. Alinipa habari hiyo kwa simu, katikati ya mazungumzo ya bei ya mkaa.

Nilikwenda jioni ile ile. Nilikuwa nimechoka, na huko njiani nilikuwa nimelia, sikukumbuka kuinua kitasa. Nilisukuma tu. Mlango ukakwaruza sakafu, ukakwama, ukakwaruza tena.

"Inua, mwanangu," alisema mama kutoka jikoni. "Unauburuta kama mdogo wako. Umechoka?"

Nilirudi nje nikaufunga, nikasimama kidogo na mkono kwenye kitasa, kisha nikauinua na kuufungua tena, taratibu, jinsi nilivyoufungua tangu nikiwa mtoto.

"Nimekujua tangu mara ya kwanza," alisema mama. "Ingia basi, unaingiza mbu."